Ardhi Haina Kalenda: Hotuba Kuhusu Majira ya Kuchipua Yenye Baridi na Mvua

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu, akina mama na akina baba, vijana, na ninyi watoto mliokaa pale mbele viatu vyenu vikiwa vimejaa matope: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Nashukuru kwa nafasi hii. Niliombwa niseme machache ya kufungua msimu wetu wa bustani na matembezi, nami nimekuta ukumbi umejaa makoti yanayochuruzika maji na nyuso zilizochoka kungoja jua. Pale mlangoni nilimsikia mtu akisema, "Mwaka huu majira yamepotea." Nataka nizungumze naye kwa heshima, kwa sababu maneno hayo hata mimi niliyasema kwa miaka mingi, na niliacha kuyasema baada ya kuumia.

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Majira ninayoyasema ni yale yanayofuata miezi ya baridi kali katika nchi zilizo mbali na ikweta: Machi hadi Mei upande wa kaskazini, Septemba hadi Novemba upande wa kusini. Wapo wanaoyaita masika. Mimi nayaita majira ya kuchipua, kwa kuwa masika tunayoyajua ndani ya Kiswahili ni mvua ya joto. Inanyesha, jua linatoka, mbegu inaota hata ile iliyodondoka njiani. Mvua ninayoisema leo ni nyingine kabisa. Ni mvua ya nyuzi 6, nyuzi 8, inayonyesha polepole siku 3 mfululizo, na ikikatika wingu halisogei. Mvua hiyo mbegu huiozesha.

Chanzo chake kiko juu sana. Kwenye kimo cha kilomita 9 hadi 12 hivi kuna mkondo wa upepo wa kasi unaozunguka dunia na kuisukuma mifumo ya hewa kutoka magharibi kwenda mashariki. Mkondo huo ukijipinda sana na kupungua mwendo, eneo la mgandamizo mdogo wa hewa linaweza kukwama mahali pamoja kwa siku nyingi, likivuta hewa baridi na unyevu. Na wakati huo bahari bado ni baridi, maana maji hukawia kupokea joto, hivyo hata upepo unaotoka baharini haubebi faraja yoyote. Jua liko juu, mchana umerefuka, lakini wingu linarudisha sehemu kubwa ya mwanga ule angani kabla haujatufikia. Ndiyo maana macho yanatuambia majira yamefika, na ngozi inakataa.

Hapo ndipo penye kosa letu. Tunatazama kalenda.

Mwaka 1735 mwanasayansi Mfaransa, René de Réaumur, alichukua vipimo vya joto vya kila siku akavijumlisha, akitaka kuelewa kwa nini mazao yaleyale huiva mapema mwaka mmoja na kuchelewa mwaka unaofuata. Wazo alilotuachia ni hili: mmea hauhesabu siku, unajumlisha joto. Wakulima na wataalamu wa wadudu wanalitumia mpaka leo, na hesabu yake mtoto wa shule anaiweza. Chukua mahindi. Chini ya nyuzi 10 hayakui, basi hapo ndipo pa kuanzia kuhesabu. Siku ambayo joto la juu ni 20 na la chini ni 12, wastani ni 16. Ukitoa 10, mmea umejiwekea akiba ya 6. Siku nyingine joto la juu ni 13 na la chini ni 9. Wastani 11, akiba 1. Sasa fikirini wiki nzima ya siku kama hiyo ya pili. Siku 7, akiba 7. Kwa mmea ule, wiki yote uliyokaa dirishani ukinung'unika ni kama siku moja ya joto na kidogo. Kwake hakuna kilichopotea. Wiki haijafika, basi.

Nilipoielewa hesabu hii ndipo nilipoacha kugombana na hali ya hewa.

Lakini kabla ya hapo nilikuwa nimekwisha kuharibu kipande cha ardhi. Ilikuwa mwaka wa mvua kama huu. Tarehe niliyozoea kupanda ikafika, nikachukua jembe nikaingia shambani udongo ukiwa umelowa mpaka unanata kwenye jembe kama unga uliokandwa. Nililima nikamaliza, nikajisifu. Mvua ilipokoma na jua kuwaka, ardhi ile ikawa matofali. Mizizi haikupita, maji yalituama juu, na ilinichukua misimu 2 ya majani makavu, mboji na kutokanyaga kabisa kuirudisha. Wazee wanasema mwenye pupa hadiriki kula tamu, nami sikudiriki kula chochote kutoka tuta lile.

Kilichotokea kinaeleweka. Udongo wenye afya karibu nusu yake ni nafasi tupu, vijitundu vya hewa na maji, na ndimo mizizi hupumua na nyungunyungu hupita. Ukiwa mkavu kiasi, chembe zake zinashikana na kubeba uzito wako. Ukilowa sana, maji yanalainisha mishiko ile, na mguu mmoja tu unabana vijitundu vyote chini yake. Kwa hiyo siku hizi kabla ya kugusa jembe nachota udongo wa kina cha kiganja, naufinyanga uwe tonge, kisha naugusa kwa kidole gumba. Ukimomonyoka, naanza kazi. Ukibaki tonge linalong'aa, narudi nyumbani.

Na jambo la pili ni ubaridi wenyewe wa udongo. Maji ni mazito kupasha moto, zaidi ya udongo mkavu mara kadhaa, kwa hiyo udongo uliolowa hubaki baridi hata jua likitoka. Juu ya hapo, maji yakianza kuvukizwa yanachukua joto na kuondoka nalo. Kuigeuza lita 1 ya maji kuwa mvuke kunahitaji joto ambalo lingeweza kuzipasha zaidi ya lita 5 kutoka ubaridi wa barafu mpaka kuchemka. Jua la siku ya kwanza baada ya mvua, hilo linalotutoa sote nje kwa furaha, sehemu kubwa ya kazi yake ni kukausha. Kupasha kunafuata baadaye. Njegere zinavumilia, huanza kuota udongo ukiwa na nyuzi 5 hivi, japo taratibu. Mahindi yanataka 10 au zaidi. Maharage na matango yanataka kukaribia 15 au kuzidi, na ukiyapanda mapema yanalala ndani ya maji baridi mpaka kuvu wa udongoni wayale. Kipimajoto cha udongo ni kitu kidogo. Unakichoma kina cha sentimita 5 hadi 10, asubuhi, siku kadhaa mfululizo, na unapata jibu ambalo kalenda haiwezi kukupa.

Nisije nikaonekana nalifanya jambo hili kuwa jepesi. Mwaka 1315 huko Ulaya ya kaskazini mvua ilianza majira ya kuchipua ikaendelea mpaka kiangazi. Mbegu zilioza ardhini, nafaka hazikuiva, nyasi za kulisha mifugo hazikukauka. Hata chumvi iliadimika, kwa sababu ilikuwa vigumu kukausha maji ya chumvi, na bila chumvi nyama haihifadhiki. Njaa ile iliendelea hadi 1317 na ikaua watu wengi mno. Leo tuna maghala, tuna njia za kusafirisha chakula, lakini mkulima mdogo akitazama shamba lililotuama maji mwezi wa kupanda, moyo wake unadunda vilevile. Kwa hiyo ninaposema subira, sisemi kwa wepesi wa mtu ambaye hana cha kupoteza.

Tutoke shambani twende kwenye miti ya matufaha, maana huko baridi na mvua hufanya jambo ambalo wengi hawalioni mpaka miezi imepita. Mti unachanua. Maua ni mengi, meupe na ya waridi, na mpita njia anasema mwaka huu matunda yatajaa. Lakini sikiliza. Kimya. Nyuki wa asali kwa kawaida hatoki chini ya nyuzi 10 hivi, na kazi yake ya kweli huanza kwenye nyuzi 13 au 14 kwenda juu. Mvua ikinyesha anabaki mzingani. Ua lenyewe hupokea chavua kwa siku chache tu, na hata chavua ikifika, kwenye baridi hukua polepole kuelekea ndani, mpaka pengine yai la ua limekwisha kufa kabla halijafikiwa. Basi maua yanaanguka, na huku nyuma hamna tunda.

Ndani ya mzinga nako si shwari. Kufikia majira haya malkia ameanza kutaga kwa wingi, na watoto wale wanatakiwa kukaa kwenye nyuzi 34 au 35 usiku na mchana, hata nje kukiwa na nyuzi 4. Joto hilo linatokana na asali: nyuki wanaila na kutetemesha misuli yao ya mbawa wakiwa wamekumbatia masega. Akiba ya miezi ya baridi imekaribia kwisha, vinywa vimeongezeka, na mlango umefungwa na mvua. Makundi ya nyuki hufa njaa katika majira ya kuchipua, wakati ambapo kila mtu anadhani hatari imepita. Ninyi mnaofuga, siku ya kwanza kavu nyanyueni mzinga kwa nyuma mpime uzito wake kwa mkono.

Lakini kuna mmoja anayefanya kazi. Yule nyuki mnene mwenye manyoya, mnayemsikia kabla hamjamwona. Malkia wake alilala peke yake ardhini miezi yote ya baridi, na sasa anaanzisha ukoo mzima kwa mwili wake mmoja. Anatetemesha misuli ya kifua bila kupiga mbawa mpaka kifua kinafika nyuzi 30 na kitu, ndipo anaruka. Siku ya nyuzi 8, manyunyu yakianguka, mtamkuta kwenye ua. Mkimkuta ametulia juu ya jani asubuhi, amelowa, msimwondoe mkidhani amekufa. Huenda anajipasha.

Ndege nao wanaongozwa na hesabu ileile, kwa kupitia wadudu. Mbayuwayu wanaovuka Sahara kurudi kaskazini kuzaliana huwasili wakiwa wamechoka na kukonda, na chakula chao chote kinaruka hewani. Mvua baridi ikiendelea siku kadhaa, wadudu hawaruki. Hapo mtawaona mbayuwayu wakiruka chini sana juu ya maziwa na mito, ambako bado kuna vijidudu vichache. Teleka, ndege wanaofanana na mbayuwayu, wakiwa wakubwa wanaweza kuondoka mbali kabisa kuikwepa mvua, wakawaacha makinda kiotani, na makinda wale wana uwezo wa kushusha joto la mwili na kupunguza matumizi ya nguvu, wakakaa siku kadhaa bila kula mpaka wazazi warudi. Mara ya kwanza kulisoma jambo hilo niliweka kitabu chini nikatoka nje nikatazama juu, ingawa hapakuwa na kitu isipokuwa wingu.

Wapo wanaonufaika, nao ni haki watajwe. Vyura wanapata madimbwi. Nyungunyungu wanatembea usiku juu ya ardhi. Konokono na wale ndugu zao wasio na gamba wanakula mche mzima kati ya magharibi na alfajiri. Na kuvu wa matufaha, waliolala kwenye majani makavu ya mwaka jana chini ya mti, wanangoja mvua ndipo warushe vijimbegu vyao juu kwenye majani machanga. Jani likikaa limelowa saa nyingi, ugonjwa umeingia. Aliyekusanya majani yale kabla ya majira kufika amejipunguzia shida nyingi kuliko atakayekuja kupuliza dawa baadaye.

Sasa niseme juu yetu sisi wenyewe, na hapa naomba hata wale watoto wanisikilize.

Watu wanaiogopa theluji. Wanavaa, wanajiandaa, wanabeba. Lakini mvua ya nyuzi 9 hawaiogopi, na ndiyo inayowakamata. Miaka kadhaa iliyopita niliongoza matembezi siku kama hiyo. Manyunyu, upepo wa wastani, hakuna barafu popote. Kijana mmoja alikuja na suruali ya jinzi na fulana ya pamba ndani ya koti jepesi. Nilimwona, nikasema moyoni kwamba si mbali, atavumilia. Saa ya tatu ya mwendo alianza kubaki nyuma. Nikamuuliza, akasema hajambo. Baadaye kidogo akaanza kujikwaa kwenye njia tambarare. Tuliposimama, alishindwa kufunga zipu yake, na maneno yake yakawa mazito kama ya mtu aliyetoka usingizini. Akakasirika tulipomwambia avue nguo zilizolowa. Mimi nilidhani ni ukaidi wa ujana. Mama mmoja katika kundi, mwenye uzoefu kunizidi, ndiye aliyeelewa: mwili ule ulikuwa unapoteza joto, na akili ilikuwa imeanza kupungua pamoja nalo.

Joto la ndani la mwili ni nyuzi 37 hivi. Likishuka chini ya 35, mtu yumo hatarini, na dalili ni zile nilizowatajia: kujikwaa, vidole kutotii, ulimi kulegea, hasira zisizo na sababu, na kutetemeka. Kutetemeka kukikoma ilhali bado ni baridi, hali imekuwa mbaya zaidi. Maji hupitisha joto mara 25 hivi kuliko hewa, kwa hiyo nguo ya pamba iliyolowa ni kama mfereji unaokunyonya. Sufu hata ikilowa hubakiza hewa kidogo ndani yake. Upepo ukiongezeka, lile joto linalobebwa na uvukizi, lile lile nililolisema kwenye udongo, linatoka mwilini mwako.

Tulimwingiza nyuma ya mwamba, tukamvua zilizolowa, tukamvika zetu kavu, tukamkalisha juu ya mabegi asiguse ardhi, tukamkumbatia katikati ya watu 2. Kwa kuwa alikuwa macho na anameza vizuri, tukampa kinywaji cha moto chenye sukari. Hatukumsugua mikono wala miguu, maana kusugua kunaweza kudhuru. Pombe hairuhusiwi kabisa. Inafungua mishipa ya ngozi na kumwaga joto. Angekuwa amelegea au amepoteza fahamu, tungeita waokoaji bila kungoja dakika moja. Alipona, na bado anatembea nasi. Lakini nililala macho usiku ule, kwa sababu nilikuwa nimemwona asubuhi na nikanyamaza.

Tangu siku hiyo, asiyekuja na koti la kuzuia maji na nguo kavu ndani ya mfuko wa plastiki haanzi safari nami. Nawaomba mnisamehe mapema kwa ukali huo.

Kuhusu mito nitasema kwa ufupi. Theluji ya milimani inayeyuka na mvua inaongezeka juu yake, kwa hiyo kijito ulichokiruka asubuhi si kile cha alasiri. Maji ya kasi ya sentimita 15 yanaweza kumwangusha mtu mzima, na ya sentimita 60 yanabeba magari mengi. Tukifika tukakuta maji yamejaa, tutarudi tulikotoka. Na kwenye njia zenye matope, piteni katikati. Najua inavutia kukwepa pembeni ili viatu visichafuke, lakini kila anayekwepa anaua nyasi za ukingoni, na baada ya miaka michache njia ya mita moja imekuwa mita 5 za tope. Viatu vinafuliwa.

Na yule ndugu wa pale mlangoni, nimrudie. Mwaka 2012, katika jimbo la Michigan huko Marekani, mwezi Machi ulikuwa na joto la ajabu. Watu walitoka na nguo nyepesi, miti ya matufaha ikachanua wiki kadhaa kabla ya wakati. Kila mtu alifurahi. Kisha Aprili baridi ikarudi kama kawaida yake, ikakuta maua yako wazi, na karibu asilimia 90 ya matufaha ya jimbo zima yakapotea. Majira ya baridi na mvua, haya tunayoyalalamikia, huyafunga machipukizi mpaka hatari ya jalidi, yaani umande unaoganda, ipungue. Maji haya yanashuka pia kwenye visima na chemchemi tutakazozitegemea kiangazi, na misitu iliyolowa haishiki moto upesi. Ua linalofunguka kwenye baridi hudumu muda mrefu zaidi kuliko lile la joto. Tembeeni mtayaona.

Tokeni pia kwa ajili ya mwanga. Ndani ya chumba chenye taa nzuri mwanga ni kama laksi (kipimo cha mwanga) 300 hadi 500. Nje, chini ya wingu zito, ni 1,000 na zaidi, na wingu likiwa jepesi hufika 10,000. Mwili unaijua tofauti hiyo hata macho yasipoitambua, na usingizi wa usiku unatokana kwa sehemu na mwanga wa mchana. Wazazi, watoto waliovaa vizuri hawadhuriwi na manyunyu. Waacheni wapige madimbwi.

Jumamosi asubuhi tutakutana kwenye matuta yetu ya pamoja. Nitakuja na kipimajoto, na nitampa mmoja wa watoto hawa akichome ardhini atusomee. Akisema 10, tutaanza mahindi. Jana kilisoma 7. Akisema 7 tena, tutapanda njegere kama tonge litamomonyoka, pakiti nyingine zitabaki zimefungwa, na muda uliobaki tutapita chini ya ile miti ya matufaha kusikiliza kama kuna anayevuma. Leteni nguo za kubadilisha.

Asanteni sana.